Msimu wa Pua ya Murray

Novemba 30

Tumeanza kung'oa! Majani ya chini yamegeuka manjano, udongo umekauka vizuri, na mimi tangu alfajiri nazunguka kama mtoto anayesubiri Krismasi. Murray anatangulia na uma wa bustani akilegeza udongo, mimi nyuma nachomoa, napangusa, napanga kwenye kreti za tufaha. Vichwa vya vitunguu saumu mwaka huu ni vikubwa kuliko ngumi yake, na michirizi ya zambarau imekolea hasa. Mbegu hii ilikuwa ya marehemu mama yake. Aliipanda nyuma ya jiko lake, na sisi tumeirudisha ardhini kila mwaka tangu tuoane.

Kila msimu kichwa cha kwanza kikitoka, Murray hukipasua kwa dole gumba, akakinusa, akafumba macho, akasema, "Naam, Mama yupo." Leo hakukipasua. Alikitupa kwenye kreti kama vingine, akaendelea na uma wake.

Desemba 1

Upepo wa kusini kutwa nzima. Nusu ya shamba imetoka. Mgongo si wangu tena.

Desemba 3

Nilijua kuna neno linamkaa kooni. Amelitoa leo, tukiwa bandani tunaning'iniza mafungu kwenye boriti.

"Glenys, nimeamua. Mwaka huu tunauza vyote."

"Si ndiyo kawaida yetu?"

"Vyote kabisa, mama. Na vya mbegu."

Nilibaki na kamba mkononi. Akaniambia bila kunitazama kwamba tukishapita chakula cha wakulima pale ukumbini mwezi wa Februari, siku inayofuata jirani yetu Neville wa ng'ambo ya ua atapeleka mzigo mjini Hobart, na kreti za mbegu zitapanda gari pamoja na nyingine. Shamba Neville atalilishia kondoo.

"Kwa sababu ya pua tu?" nikamuuliza.

"Pua tu! Nitajuaje kama vimekauka? Mimi huvinusa shingoni. Sasa hivi ukinipa kichwa cha saumu na ukinipa jiwe, kwangu ni mamoja."

Mafua ya Julai yaliondoka yakabeba na pua yake. Hasikii kahawa, hasikii moshi, hasikii mbwa aliyelowa. Anayejua ni mimi, dada yake Lorraine na nesi wa zahanati, aliyemwambia anuse vitu asubuhi na jioni kama mazoezi. Alifanya wiki moja, akachoka. Mbegu tukiiuza imekwisha. Hakuna mwingine anayeipanda, na huwezi kuinunua popote. Nimekasirika mpaka nimeshindwa kula, na bado sijui nimkasirikie nani.

Desemba 5

Nina wazo! Sijui kwa nini halikunijia mapema. Saumu mbichi inapita puani, na huko mlango umefungwa. Lakini saumu ya kuoka ni jambo jingine kabisa. Hii ni tamu, ni laini, inayeyuka ulimini kisha inapanda puani kutoka ndani. Mlango wa mbele ukiwa na komeo, si tunazunguka wa nyuma?

Nikachukua vichwa vilivyopasuka, vile ambavyo havina soko. Nikavikata utosi punje zionekane, nikamwagia mafuta ya zeituni na chumvi kidogo, nikavifunga kwenye karatasi ya foili na kuvitia oveni, moto wa wastani. Haikufika saa moja nyumba nzima ikajaa harufu hadi mapaziani. Nilipofungua foili punje zilikuwa na rangi ya sukari iliyounguzwa. Nikakibana kichwa kimoja, na punje zikatoka zenyewe kama dawa ya meno. Nikapaka kwenye mkate wa moto, nikampa, nikasimama mbele yake na kitambaa cha vyombo, roho juu.

Akatafuna. Akameza.

"Nzuri, mama."

Nzuri! Mwanamume huyu kabla ya Julai hakuwahi kumaliza sahani yangu bila kunisahihisha. Mara nyama imekaa sana motoni, mara pilipili imetangulia. Tumegombana kwa sababu ya supu mpaka majirani wakaja kuamulia. Sasa kila kitu ni nzuri. Sikujua neno zuri hivi linaweza kumchoma mtu.

Lakini sikati tamaa. Kila siku nitaoka.

Desemba 9

Saumu ya kuoka ndani ya viazi vya kuponda, siagi tele. "Nzuri, mama."

Desemba 12

Mvua! Tumefunga milango ya banda, vitunguu visinyonye unyevu. Supu ya boga, punje nane ndani. "Nzuri."

Desemba 14

Nimetoa betri ya king'ora cha moshi. Kila nikifungua oveni kinapiga kelele, nami oveni siku hizi siizimi.

Desemba 17

Wifi yangu Lorraine amekuja bila kualikwa, kama desturi yake, na amekuja na chupa. Ndani ya chupa punje za kuoka zinaogelea kwenye mafuta.

"Umeziweka wapi hizi tangu lini?" nikamuuliza.

"Dirishani tangu Jumapili. Zinapendeza kwenye mwanga."

"Wifi, unataka kutuua? Saumu kwenye mafuta inakaa kwenye friji, na inaliwa upesi! Ukiiacha dirishani inageuka sumu, na hata haikuambii."

Nikaimwaga papo hapo. Alinuna, lakini hakuondoka. Akaanza kufunua foili yangu na kunifundisha kuoka. Lorraine hupanda saumu nyeupe, ile ya kununua mbegu dukani, na kila akioka lazima alaze matawi ya kiungo cha rosemari chini yake. Mimi siwezi. Mama mkwe alikuwa akisema saumu yake haihitaji mavazi.

"Ndiyo maana hamjanishinda kwa ladha, mmenishinda kwa kijiko tu," akasema.

Anamaanisha kijiko cha mti cha ukumbini. Kwenye chakula cha Februari kila shamba linaleta vichwa vyake vya kuoka, na mtu mmoja anafungwa macho kwa taulo ya jikoni, analishwa mkate, anataja shamba. Akipatia, kijiko kinatundikwa jikoni kwake mwaka mzima. Kinatundikwa kwetu miaka yote, kwa sababu Murray hakosei. Hakuwa anakosea.

"Mwaka huu atakaa kitini?" Lorraine akauliza, sauti imeshuka.

"Amesema hatakaa."

Akaifunga foili yangu upya bila kunikosoa, jambo ambalo sijawahi kulishuhudia.

Desemba 25

Joto kali, nzi, paja la kondoo. Nilitoboa nyama kila mahali nikasokomeza saumu ya kuoka, nikaipaka na juu, ikatoka inang'aa. Wageni walilamba vidole. Murray akainua glasi, akasema, "Mke wangu, ni nzuri sana," kwa adabu, kama mtu aliyekaribishwa kwa watu baki.

Nikatoka nikaenda bandani, nikasimama katikati ya mafungu yanayoning'inia, nikalia. Lorraine akanifuata na vipande viwili vya keki. Hakunipa nasaha. Alisema tu, "Mimi nilikuwa jikoni kwa Mama alipompa Murray kichwa cha kwanza anuse. Alikuwa hata hajaota meno ya mbele. Kile kicheko bado nakisikia." Tukala keki tumesimama. Miaka yote hii nimemwona Lorraine kama mwiba kwenye soksi. Leo nimemwona ni dada wa mtu.

Januari 4

Siku ya kujua kama vimekauka, na Neville kaja kutazama! Huyu Neville tangu Novemba anazungukia ua wetu kama kunguru anayesubiri mtu aache sahani. Murray hakutaka ajue habari za pua. Akachukua kichwa, akakinusa shingoni kwa madaha, akanitazama. Mimi nilishanusa changu, na harufu ya majani mabichi bado ipo. Nikakuna sikio.

"Bado," Murray akasema.

"Lini?" Neville akauliza.

Nikakuna sikio tena, nikakohoa.

"Wiki ijayo," Murray akasema.

"Mkeo ana viroboto?" Neville akauliza.

Tulipobaki wawili tulicheka mpaka Murray akakaa chini. Sijamsikia akicheka hivyo tangu baridi. Kisha akaacha ghafla, akasema, "Sasa pua ni yako, mimi ni mikono tu," akaenda zake.

Januari 11

Vimekauka. Nimevinusa mwenyewe. Saumu ya kuoka na maharage mabichi: "Nzuri."

Januari 18

LEO!!! Naandika huku nikicheka.

Nilifungua foili mezani kama kila siku. Murray alikuwa akifungua bili za umeme. Ghafla akainua kichwa, akakunja uso, akasukuma kiti nyuma.

"Mungu wangu, Glenys, kinanuka nini hicho?"

Nikasimama wima. "Nini?"

"Tairi! Kuna tairi linaungua! Toa, toa, nitatapika!"

"Hii?" Nikamsogezea sahani.

"Ndiyo hiyo, mwanamke, toa!"

Nikapiga kelele. Nikazunguka meza na sahani ya saumu mkononi nikicheza, naye akikimbilia mlangoni ameziba pua. Ameziba pua! Mtu asiye na pua anaziba nini? Nimeolewa na huyu mtu miaka mingi, lakini hajawahi kunifurahisha kama aliponiambia chakula changu kinanuka. Nikampigia Lorraine. Lorraine naye akapiga kelele. Tukapiga kelele pamoja kwenye simu mpaka mbwa akaanza kubweka.

Nesi amesema ni kweli, mara nyingi pua inarudi kombo kwanza, halafu inanyooka. Lini, hajui. Wengine wiki, wengine mwaka.

Januari 20

Katika furaha yangu yeye hamo. Kahawa ni tairi. Nyama ni tairi. Sabuni ni tairi. Anakula matango na mtindi baridi, amekaa kwenye ngazi ya nje. Nikimwambia kombo ni njia ya kunyooka, ananijibu, "Afadhali ilipokuwa haipo. Sasa mimi ndiye nitakayekaa na saumu inayonuka tairi? Mbegu inaondoka, Glenys. Nimeshampigia Neville."

Januari 29

Moshi wa msitu unaoungua mbali, magharibi, jua jekundu. Murray anasema kwake siku ni kama nyingine tu. Nimeoka kidogo, nimekula peke yangu kwenye mlango wa nyuma.

Februari 3

Tunachambua. Vidogo huku, vya kati kule. Nikamwona Murray, bila kufikiri, kila akikutana na kichwa kikubwa kilichojaa, anakiweka kando kwenye kreti za mbegu, zile zenye rangi ya bluu. Anakigeuza, anakipangusa na kukilaza taratibu. Mikono yake haijapata habari za uamuzi wake. Nilipomtazama sana akashtuka, lakini hakuvirudisha.

Februari 13

Kesho ukumbini. Keshokutwa gari la Neville. Kreti za bluu zimekaa mlangoni mwa banda zikisubiri. Murray amekula viazi vyangu vyenye saumu, kidogo, bila kukunja uso sana. Nikamuuliza vipi. Akasita. Nilidhani atasema kitu.

"Nzuri," akasema.

Februari 15

Jana sikuandika. Naandika sasa, chai imepoa na wala sijali.

Jana mchana nilitia oveni trei mbili za vichwa vyetu bora kwa ajili ya ukumbini. Lorraine akaja kunisaidia, akaniona ninavyotazama banda, akasema, "Wifi, unawaza ninachowaza?" Tukatoka kimya kimya kwenda kuiba. Ndiyo, kuiba! Tulibeba kreti moja ya bluu, mimi huku yeye kule, tukaivuta nyuma ya trekta bovu tuifunike kwa magunia. Sketi ya Lorraine ikanasa kwenye mnyororo wa trekta. Tukacheka, tukavuta, ikachanika, tukacheka zaidi. Nilipokumbuka oveni nilikimbia kama mbuzi.

Jikoni moshi ulikuwa umefika dari. Na Murray alikuwa amekaa mezani, hatua tatu kutoka kwenye oveni, gazeti limemfunika uso mzima. Anasoma gazeti ndani ya moshi! Nilitoa trei. Makaa matupu. Akainua macho, akaona trei, akaona uso wangu, akasema, "Pole, mama," akakunja gazeti, akatoka.

Hapo nikaisha kabisa. Nikakaa sakafuni. Nikajisemea pua haikurudi, nilijidanganya mwenyewe na kelele zangu, ile mbegu ya mama wa watu iende tu. Muda wa kuoka nyingine haukuwepo. Lorraine, sketi imechanika hadi gotini, akaenda kwake akarudi na trei yake moja kati ya mbili.

"Weka kwenye sahani yako. Nani atajua?"

"Rosemari je?"

"Toa."

Nikatoa kila jani, moja moja. Nikapanga vichwa vya Lorraine kwenye sahani yetu, yenye jina letu chini, nikaenda ukumbini nimejipaka rangi ya mdomo na uongo.

Ukumbi ulijaa. Neville ndiye aliyekuwa mshereheshaji mwaka huu, amevaa aproni ya mkewe. Akashika taulo.

"Murray! Kiti chako kinakungoja."

"Mwaka huu pua iko likizo," Murray akasema.

Watu wakacheka, wakidhani ni utani. Wakaanza kupiga meza: "Kaa! Kaa! Kaa!" Wakamsukuma kitini, Neville akamfunga macho. Nilitamani sakafu ifunguke. Angekosea mbele ya watu wote, siku ya mwisho, na kwa hila yangu.

Sahani ya kwanza. Akatafuna. Akatafuna tena.

"Neville, hii yako. Umeiunguza chini kama kawaida yako."

Kicheko. Neville akageuza sahani, ni kweli ni yake. Nikajisemea amebahatisha, kila mtu anajua Neville huunguza.

Sahani ya pili ilikuwa yetu. Akatia mkate mdomoni. Akaacha kutafuna. Akausogeza mkate uliobaki puani, akanusa. Akanusa tena, polepole, kichwa kimeinama, vile alivyokuwa akifanya shambani.

"Hii ya dada yangu," akasema. "Ya Lorraine."

Neville akageuza sahani. "Haaa! Ya Murray na Glenys! Umezeeka, ndugu yangu, hujui hata ya jikoni kwako!"

Watu wakaangua kicheko. Murray hakutoa taulo.

"Soma utakavyo, Neville. Humu mna rosemari. Na mke wangu hawezi kutia rosemari kwenye saumu ya Mama hata umshikie bunduki."

Nilisimama, kiti kikaanguka. "Ni ya Lorraine! Yetu imeungua! Imeungua makaa, hii ni ya Lorraine, nilitoa majani yote, kila jani!" Nilikuwa nalia na kucheka na kuruka, vyote pamoja. Lorraine akajifunika uso na kitambaa cha meza, na glasi zikaja nacho. Nikamkumbatia Murray na taulo yake machoni.

"Ile trei iliyoungua," akaniambia sikioni. "Harufu yake niliisikia kabla hujaingia."

"Uliisikia?"

"Niliisikia, mama. Ila mwezi mzima kila kitu kwangu kinaungua. Nikajua ni pua yangu tena, nikasema nisikuvuruge."

Tulipotulia akavua taulo, akamtafuta Neville. "Kuhusu zile kreti za kesho..."

"Za mbegu? Sikuzitengea nafasi kwenye gari," Neville akasema. "Na hilo shamba lako wewe ndiye uliyenibembeleza nilichukue. Kondoo wangu wana nyasi yao. Nimekuwa nikija pale kila siku kuona kama umepata akili."

Nami nilimwita kunguru, tena kwa wino. Nikampa mkono, nikambusu shavu, akawa mwekundu hadi aproni.

Leo asubuhi Murray ameenda kurudisha kreti za bluu ndani. Akarudi jikoni amesimama mlangoni.

"Kreti moja haipo."

Mimi na Lorraine tukatazama chai.

Machi 22

Tumepanda! Tumevunja vichwa punje punje, ncha juu, kidole kimoja ardhini, mstari baada ya mstari. Lorraine alikuja kusaidia, na nimempa punje kadhaa za Mama akapande kwake. Amenusa moja, akasema itahitaji rosemari. Nimeacha ipite. Murray kila baada ya muda alikuwa akisimama, akinusa vidole vyake, akitabasamu peke yake. Kahawa bado ni tairi. Saumu imenyooka.

Jioni nimefanya viazi vya kuponda na saumu ya kuoka, vile vile vya Desemba. Nikaweka sahani mbele yake, nikabaki nimesimama na kitambaa cha vyombo, maana nimeshazoea.

Akatafuna. Akameza. Akaweka uma chini.

"Mama, chumvi imezidi."

Nimekaa nikalia kwa furaha, naye hakujua la kufanya, akanipakulia viazi.